Katani na plastiki chini ya paa moja

Na Mwandishi Wetu

Mvua za nyanda za juu za Kigoma hazina haraka. Huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na huendelea mpaka Mei. Katika miezi yote hiyo mama mwenye nyumba, awe Kasulu au Kibondo, hutazama juu kabla ya kulala. Mwenye bati huzima taa akalala. Mwenye nyasi husogeza sufuria mahali panapovuja. Mwenye turubai huomba upepo usivume.

Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, habari ya turubai haihitaji maelezo. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 ili kuwapokea watu waliokimbia vita mashariki ya Kongo. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipoanza kuingia kwa maelfu, idadi ya watu kambini ilipita 150,000, nayo Nyarugusu ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Kila familia iliyofika ilihitaji kitu cha kuikinga na mvua, na mara nyingi kitu hicho kilikuwa hema, au turubai la mita 4 kwa 5 na miti ya kulisimamisha. Miti hiyo ilikatwa katika misitu ile ile ambayo wenyeji wa vijiji jirani huitegemea kwa kuni, asali na mbao. Nalo turubai, hata liwe imara namna gani, halidumu. Jua hulikausha, upepo hulipiga, na baada ya misimu michache huanza kuchanika.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kulitazama turubai lililochanika, litazame kwa makini pale ukingoni. Utaona kwamba si karatasi moja nene ya plastiki. Katikati pana nyuzi bapa zilizofumwa kama mkeka, na juu na chini ya mkeka huo pana tabaka la plastiki laini. Nyuzi ndizo zinazobeba mzigo wakati upepo unapovuta. Tabaka laini kazi yake ni kuzishika nyuzi zisitawanyike na kuzuia maji yasipite. Kila upande ungekuwa peke yake usingefaa kitu: mkeka ungevuja, na plastiki laini ingepasuka siku ya kwanza.

Huo ndio msingi wa elimu nzima ya vitu vinavyoitwa vya mchanganyiko: nyuzi ngumu ndani ya kitu kinachozishika. Fundi wa Kiha anayechanganya nyasi na udongo kabla ya kukandika ukuta anaifuata kanuni hiyo hiyo, na aliijua kabla ya viwanda vya plastiki kuwapo.

Katika turubai, nyuzi na tabaka lake vyote ni vya ukoo mmoja, plastiki iitwayo polietilini, na kwa hiyo hushikana bila taabu. Lakini nyuzi hizo hutengenezwa kwa mafuta ya ardhini au gesi, na nchi yetu ina nyuzi zake zinazoota shambani. Je, katani yetu haiwezi kuchukua nafasi ya nyuzi hizo, ikafanywa si turubai tu bali paa kamili, ubao wa dari, mlango au kiti?

Katani ikitumiwa kama ilivyotoka shambani, jibu ni kwamba haiwezi. Ikioshwa kwa dawa inayofaa, inaweza. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo habari ya makala haya, na Watanzania wamo miongoni mwa walioitafiti.

KUTOKA BUHA HADI TANGA

Kabla ya kuingia katika mambo ya dawa, yafaa kukumbuka kwa nini jambo hili linawahusu watu wa Kasulu na Kibondo kuliko wengine.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, nayo ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yakazaliwa mashamba yaliyofunika nchi kuanzia Tanga hadi Morogoro na Lindi. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha kiasi cha tani 230,000 za katani, na hakuna nchi nyingine duniani iliyotupita.

Lakini mkonge haujikati. Wenye mashamba walihitaji mikono, na mikono hiyo waliitafuta mbali. Mwaka 1944 waliunda ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, na mojawapo ya sehemu walizozitegemea zaidi ilikuwa Buha, yaani nchi ya Waha: Kigoma, Kasulu na Kibondo. Vijana waliandikishwa huko, wakasafirishwa kwa malori na kwa gari moshi la reli ya kati, wakaenda kukata majani ya mkonge kwa mkataba. Kila mmoja alikuwa na namba yake, na kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba. Nyumbani waliachwa wake na watoto na jembe. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli, wengine walirudi wakiwa wagonjwa, na wengine hawakurudi kabisa. Mpaka leo zipo koo za Waha ambazo makaburi ya mababu zao yako Muheza na Korogwe.

Katani waliyoikata ilipelekwa bandarini ikiwa mabunda. Kamba zilisokotwa Ulaya na Marekani, ambako wakulima walizitumia kufungia majani makavu ya mifugo yao. Biashara yetu ilisimama juu ya kamba hiyo moja. Basi ilipotokea kamba ya plastiki iliyo nyepesi, isiyooza na yenye bei ndogo, biashara ikayumba. Bei ilianza kuanguka katikati ya miaka ya 1960, na kutaifishwa kwa sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967 hakukuweza kuizuia. Kufikia mwisho wa karne mavuno yalikuwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya yale ya mwaka 1964.

Kwa hiyo plastiki ndiyo iliyoinyang'anya katani soko. Ajabu ya mambo ni kwamba leo plastiki hiyo hiyo yaweza kuwa mwenzi wake.

WAGENI WAWILI

Jaribio moja dogo laweza kufanywa na watoto jioni. Chukua kipande cha kamba ya katani na kipande cha kamba ya plastiki. Vitumbukize vyote katika bakuli la maji, uviache mpaka asubuhi. Kamba ya plastiki utaipangusa kwa kitambaa nayo itakuwa kavu. Kamba ya katani itakuwa imevimba, imekuwa nzito, na itachukua muda mrefu juani kabla ya kukauka.

Sababu yake ni hii. Kiasi cha theluthi mbili za unyuzi wa katani ni selulosi, kitu kile kile kinachojenga pamba na karatasi. Selulosi hupenda maji. Hata unyuzi unaoonekana mkavu kabisa hubeba unyevu, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Plastiki kwa upande wake huchukia maji. Tone likianguka juu yake hujikunja na kuteleza, kama lifanyavyo juu ya jani la gimbi.

Sasa mtu akizichukua nyuzi za katani kama zilivyotoka kwenye mashine ya kusinga, akazitia katika plastiki iliyoyeyushwa, atapata kitu kinachopendeza kwa macho. Lakini ndani yake hawa wawili ni wageni waliokaa chumba kimoja bila kusalimiana. Kati ya unyuzi na plastiki hubaki ufa usioonekana. Mzigo ukija, plastiki haiwezi kuukabidhi kwa unyuzi. Unyuzi huchomoka tu kama upanga kwenye ala. Tena maji hupenya katika ufa huo, unyuzi unavimba, halafu unasinyaa wakati wa kiangazi. Baada ya misimu kadhaa ya kuvimba na kusinyaa, ubao hupindika na kupasuka.

Jambo la pili ni kwamba unyuzi wenyewe hautoki shambani ukiwa safi. Jani la mkonge huvaa nta ili lisikauke juani. Nta hiyo na mafuta mengine ya mmea hubaki juu ya unyuzi. Chini yake mna lignini, ambayo ni gundi ya mimea, na hemiselulosi, ndugu dhaifu wa selulosi anayependa maji kuliko wote. Kupaka gundi juu ya uso wa namna hiyo ni sawa na kubandika karatasi kwenye ukuta wenye vumbi na mafuta.

MAGADI YA MAHARAGE

Hapo ndipo dawa inapohitajika, na dawa ya kwanza haiko mbali na jiko. Mama anayetia magadi katika chungu cha maharage anajua kwamba yataiva upesi. Magadi hulegeza gundi inayoshikamanisha chembe za maharage, ili maji ya moto yapenye. Kwenye unyuzi wa katani kanuni ni hiyo hiyo, isipokuwa magadi yanayotumika ni makali zaidi. Ni kostiki soda, ambayo wanakemia huiita sodiamu haidroksaidi. Wakazi wa Kigoma wanaifahamu vema, maana ndiyo inayogeuza mafuta ya mawese kuwa sabuni.

Historia ya dawa hii ni ndefu. Mwaka 1844 mtaalamu wa rangi za nguo wa Uingereza, John Mercer, aligundua kwamba nguo ya pamba ikitiwa katika kostiki soda hubadilika. Inakuwa imara zaidi na kushika rangi vizuri. Mpaka leo uzi wa pamba unaong'aa hutengenezwa kwa njia yake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliichukua elimu hiyo wakaipeleka kwenye katani. Profesa Elifas Bisanda, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alianza kuchapisha matokeo ya kazi hiyo mwaka 1991 pamoja na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2000 alieleza yanayotokea nyuzi za katani zinapooshwa katika maji yenye kostiki ya kipimo kidogo tu, ambacho ni sawa na gramu 20 kwa lita moja, kisha zikashikamanishwa kwa gundi ya epoksi. Ubao uliopatikana ulikuwa mgumu zaidi, wenye vitundu vichache ndani yake, uliostahimili kugandamizwa na kukataa maji kuliko ule wa nyuzi zisizooshwa.

Kostiki huondoa nta na mafuta, ikaondoa pia sehemu ya lignini na hemiselulosi. Uso wa unyuzi, ambao ulikuwa laini, unabaki na mikwaruzo na vijishimo ambavyo gundi huingia na kung'ang'ania, kama saruji inavyoshika ukuta uliochongwa-chongwa kuliko ukuta uliosuguliwa. Aidha, kifungu kimoja kinene cha unyuzi hugawanyika kuwa nyuzi nyembamba zaidi, na hivyo gundi hupata uso mkubwa wa kushika.

Mtanzania mwingine, Dk. Leonard Mwaikambo, alichapisha mwaka 2002 pamoja na Ansell utafiti juu ya kuosha kwa kostiki nyuzi za aina nne, zikiwemo za katani na sufi. Sufi ndiyo ile tunayojazia mito ya kulalia. Kazi za namna hii zimewafundisha wataalamu jambo moja kubwa: dawa ina kipimo chake. Ikiwa kidogo mno, nta haitoki. Ikizidi, au nyuzi zikikaa humo muda mrefu kupita kiasi, selulosi yenyewe huanza kuliwa na unyuzi unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya kuoshwa. Ni kama magadi katika maharage: ukizidisha, utapata uji usiolika.

MSHENGA

Kuosha peke yake si mwisho wa kazi. Unyuzi uliooshwa bado unapenda maji, na plastiki bado inayachukia. Wataalamu wameona kwamba hawa wawili wanahitaji mshenga.

Mshenga huyo ni kemikali yenye mikono miwili. Mkono mmoja unashika unyuzi, wa pili unashika plastiki. Jamii moja ya washenga hao huitwa silani, na ndiyo iliyojaribiwa juu ya katani na Bisanda na Ansell katika utafiti wao wa mwaka 1991. Mshenga mwingine, anayetumika sana viwandani, ni plastiki ya kawaida iliyopandikizwa kemikali iitwayo maleiki anhidridi. Inatosha kuchanganya kiasi kidogo chake katika plastiki inayoyeyushwa. Njia ya tatu ni kuutia unyuzi katika dawa ya jamii ya siki, ili ile milango ambayo maji huingilia katika selulosi izibwe. Unyuzi uliotendewa hivyo hunywa maji kidogo na huchelewa kuoza.

Kati ya njia zote hizi, kostiki ndiyo rahisi na yenye gharama ndogo. Kwa sababu hiyo hutumika pia kama hatua ya kwanza kabla ya zile nyingine, kama vile mtu anavyooga kabla ya kujipaka mafuta.

MAGANDA YA KOROSHO

Gundi ya epoksi huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Ingekuwa kazi bure kuiosha katani ya Tanga kisha kuiweka katika gundi ambayo hakuna kiwanda kidogo cha Kasulu kitakachoweza kuinunua. Watafiti hao waliliona jambo hilo, wakatazama kusini mwa nchi.

Akina mama wanaobangua korosho Mtwara na Lindi wanayajua mafuta meusi yatokayo katika maganda. Huunguza vidole na kuacha madoa yasiyotoka upesi. Lakini mafuta hayo, yakichanganywa na fomaldehaidi na kupikwa kwa utaratibu unaotakiwa, huganda yakawa plastiki ngumu isiyoyeyuka tena. Mwaka 1992 Bisanda na Ansell walieleza jinsi walivyofuma mikeka ya katani iliyooshwa kwa kostiki, wakailowesha katika utomvu huo wa korosho, wakapata mbao bapa na mabati yenye mikunjo kama yale ya kuezekea. Walisema pia kwamba katani na utomvu huo vilishikana vizuri sana.

Yaani, ndugu msomaji, lilipatikana bati lisilo na madini, ambalo mifupa yake ilitoka katika mkonge na nyama yake katika ganda la korosho, mazao mawili ambayo nchi yetu imezoea kuyauza yakiwa ghafi.

Wazo la paa au gari la plastiki yenye nyuzi za mimea si ndoto ya wasomi tu. Gari dogo la Trabant la Ujerumani Mashariki, lililotengenezwa kuanzia miaka ya 1950 hadi mwaka 1991, lilikuwa na bodi ya plastiki ngumu iliyotiwa mabaki ya pamba. Yaliuzwa magari hayo zaidi ya milioni tatu. Katika miaka ya 1990 Mercedes-Benz ilianza kutumia katika milango ya baadhi ya magari yake paneli zenye nyuzi za kitani na katani. Waliona kwamba nyuzi za mimea ni nyepesi kuliko nyuzi za kioo zilizozoeleka, haziwashi ngozi ya mfanyakazi, na hazihitaji tanuri la moto mkali ili kuzipata. Ni kweli kwamba nyuzi za kioo zina nguvu zaidi. Lakini si kila kitu kinahitaji nguvu za mwili wa ndege. Dari ya nyumba haihitaji.

TAHADHARI

Makala haya yasimfanye mtu yeyote akimbilie dukani kununua kostiki. Kwanza, kostiki huunguza ngozi na yaweza kupofusha macho. Watengenezaji wa sabuni wanajua kwamba kostiki hutiwa katika maji, wala si maji kumiminwa juu ya kostiki, kwa maana huchemka na kuruka. Mtoto asiikaribie kabisa, na isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Fomaldehaidi nayo ni sumu, na hewa yake huchoma macho na kifua. Kazi hii ni ya karakana yenye hewa, glavu, miwani na msimamizi anayejua anachokifanya.

Pili, maji yaliyotumika kuoshea nyuzi hayamwagwi mtoni. Hayana budi kuzimuliwa kwanza kwa asidi hafifu, kama ile ya siki, na nyuzi zenyewe kusuuzwa mpaka ukali uishe. Sehemu yenye shida ya maji haiwezi kuianza kazi hii bila kupanga maji yatatoka wapi na yataishia wapi. Katika kambi ambako watu hupanga foleni ya ndoo, hilo si jambo dogo.

Tatu, si kila plastiki inafaa. Katani huanza kuungua na kupoteza nguvu joto linapofikia kiasi cha nyuzi 200 za sentigredi. Polietilini ya turubai na ya ndoo huyeyuka kiasi cha nyuzi 130 au chini yake, na polipropilini ya magunia karibu nyuzi 165, hivyo zinaweza kupokea katani bila kuiunguza. Chupa za maji na soda huyeyuka karibu na nyuzi 250, kwa hiyo haziwezi. Anayesikia kwamba chupa zilizookotwa zitageuzwa mabati ya katani kwa kuyeyushwa tu, aulize swali hilo la joto kwanza.

Nne, katani na plastiki zote huwaka moto. Paa la namna hiyo lisiwekwe juu ya meko ya kuni bila dawa ya kuzuia moto.

Na mwisho wa tahadhari, gharama. Bati la chuma linapatikana katika duka la vifaa vya ujenzi, na fundi yeyote anajua kulipigilia. Bati la katani, hata likiwa zuri katika maabara, litashindwa sokoni ikiwa bei yake ni kubwa au ikiwa hakuna wa kulitengeneza kwa wingi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kazi njema kama hizi kubaki katika vitabu vya wasomi kwa miaka mingi.

NANI ATAFAIDI?

Hata hivyo hesabu za nyanda za juu za Kigoma si sawa na hesabu za Dar es Salaam. Bati linalonunuliwa Kariakoo linaongezewa nauli ya zaidi ya kilomita 1,000 kabla halijafika Kasulu. Turubai linalogawiwa Nyarugusu hutoka mbali zaidi. Wakati huo huo mkoani mwenyewe nyuzi zinatupwa. Mkungu wa mchikichi ukishapukuswa kuchukua mbegu za mawese, hubaki rundo la nyuzi ngumu. Mgomba ukikatwa, shina lake huoza shambani. Nyuzi hizi nazo ni selulosi iliyofunikwa kwa gundi na nta, na huoshwa kwa dawa ile ile. Mkonge nao huvumilia ukame na udongo hafifu.

Yako pia maturubai yaliyochakaa. Kila turubai linalochanika ni polietilini, plastiki inayoyeyuka katika joto ambalo katani inalivumilia. Tangu tarehe 1 Juni, 2019 nchi yetu imepiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sababu ya uchafu wake. Lakini turubai lililochakaa bado linatapakaa au linachomwa, na moshi wake unaingia vifuani mwa watoto. Kuliyeyusha pamoja na nyuzi zilizooshwa, pakawepo mshenga kati yao, ili kupata mbao za dari, viti vya shule au milango ya vyoo, ni kazi ambayo sayansi yake inajulikana. Isiyokuwepo ni karakana.

Karakana haijengwi na kemia peke yake. Inahitaji fundi mchundo aliyefunzwa kupima dawa, mashine ndogo ya kusinga majani, mashine ya kugandamiza yenye joto, na mtu wa kununua kinachotoka. Jani la mkonge ni maji na nyama kwa sehemu kubwa. Katika tani moja ya majani hupatikana kiasi cha kilo 40 tu za nyuzi. Kusafirisha majani mabichi ni kusafirisha maji. Kwa hiyo kazi ya kusinga na kuosha yapaswa kufanyika karibu na shamba, na huko ndiko ajira ziliko.

Familia nyingi za wafanyakazi wa mijini zinazosoma ukurasa huu zina mzee aliyewahi kuvaa gunia akikata mkonge. Mzee huyo alifanya kazi ngumu kuliko zote katika safari ya katani, akalipwa kidogo kuliko wote, kwa sababu thamani iliongezwa baadaye, mahali pengine, na watu wengine. Unyuzi aliousinga ulikuwa mzuri. Kilichokosekana hapa kwetu ni hatua zilizofuata baada ya kuusinga.

Hatua mojawapo ya hizo sasa tunaijua: ni beseni la kostiki lenye kipimo sahihi, maji ya kusuuzia, na gundi ya maganda ya korosho. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi waifundishwe hatua hiyo kwa vitendo, na kazi za watafiti wetu zitolewe kabatini zipelekwe karakana. Wakati huo mjukuu wa manamba wa Kasulu hatahitaji kupanda gari moshi kwenda kuutafuta mkonge. Ataosha nyuzi zake nyumbani, na mvua ya Novemba itakapoanza kupiga juu ya paa alilolitengeneza mwenyewe, atazima taa akalala.